Wiki moja ya Kenya Open haitoshi kumlea mchezaji

Kila Kenya Open, mashindano makubwa ya gofu ya kulipwa nchini Kenya, inapokaribia, jamaa wa nyumbani wananipigia simu huku Johannesburg na swali moja: mbona Wakenya hawashindi kwao? Mashindano yalianza 1967. Seve Ballesteros alishinda 1978, Ian Woosnam 1986, lakini hakuna Mkenya aliyewahi kuinua kombe lile. Mwaka 2023, pale klabu ya Muthaiga, Nairobi, Njoroge Kibugu ndiye Mkenya pekee aliyepita mchujo wa siku mbili za kwanza na kucheza wikendi.

Mimi ni kedi, yule anayembebea mchezaji begi la fimbo na kumshauri. Nilijifunza kazi hii Nairobi, na msimu uliopita nilibeba begi la mchezaji wa Sunshine Tour, msururu wa mashindano ya kulipwa wa Afrika Kusini. Baada ya niliyoyaona, sikubali tena mtu aniambie Wakenya hatuna kipaji. Tunachokosa ni mashindano ya kutosha.

Huku mchezaji akivurunda, hapati muda wa kulia. Amekosa mchujo kwa pigo moja, hapati hata senti, na bado analipa hoteli, mafuta na kedi wake. Inauma. Lakini haipiti muda yuko tena kwenye tii ya kwanza, pale pa kuanzia, katika mji mwingine, na lile kosa la juzi analirekebisha likiwa bado bichi. Mkenya akivurunda Kenya Open, wiki yenyewe ya pesa nyingi na kamera, anakaa na kidonda hicho mwaka mzima.

Halafu kuna kuzoea viwanja. Johannesburg iko juu kama Nairobi, hewa ni nyepesi, mpira unasafiri mbali. Shuka Durban, baharini, fimbo ileile ya chuma inauacha mpira kabla haujafika grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo. Siku za kwanza kule mimi na mchezaji wangu tulikuwa tukihesabu yadi upya kwenye kila shimo, tukibishana kwa sauti ya chini, mpaka mikono yake ikazoea. Mambo hayo hayafundishwi uwanja wa mazoezi. Yanataka kadi ya alama mfukoni na mtu wa kushindana naye.

Na nyasi! Viwanja vingi huku vimeoteshwa kikuyu, nyasi ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mpira ukizama humo kando ya grini, zinakamata kichwa cha fimbo na kukipindua. Niliwaona vijana kutoka Ulaya wakihangaika nazo, nikawa nawafikiria makedi wa Limuru, wanaochipu, yaani kupiga mipira mifupi ya kuingia grini, kutoka kwenye nyasi hizo tangu utotoni wakitumia fimbo kuukuu za kupewa. Wakati wa baridi kali hapa zinakauka zikawa rangi ya majani makavu. Kwetu ni kijani mwaka mzima. Mungu ametupa uwanja ambao haufungi.

Sisemi nyumbani hakuna kinachofanyika. Safari Tour, msururu wa mashindano ya kulipwa wa Kenya, imewasaidia wengi, na siku hizi Sunshine Development Tour, ngazi ya chini ya Sunshine Tour, ina mkondo wake Afrika Mashariki, jambo lililonifurahisha sana. Lakini mchezaji wa Mumias au Nyeri bado anatafuta nauli na ada ya kuingia peke yake, na kedi katika klabu niliyolelewa aliruhusiwa kucheza Jumatatu tu, wanachama wasipokuwepo. Dismas Indiza alianza kwa kubeba begi akawa miongoni mwa wachezaji wetu bora. Ni wangapi walikwama kwenye banda la makedi kwa kukosa siku ya pili ya kucheza?

Kenya Open ya 2024 ilikuwa na zawadi ya dola milioni 2.5, na sehemu kubwa ilipanda ndege na wageni waliozishinda kwa haki. Wazee wetu wa klabu na wadhamini, ombi langu ni hili: fungeni mkataba wa mashindano madogo ya kulipwa mwaka mzima, Nakuru, Kisumu, Nyali, Eldoret, ada ya kuingia iwe ndogo, na kila mara wekeni nafasi kadhaa za makedi watakaofuzu kwa alama zao wenyewe.