Hasani na nyumba mpya ya gorila Bristol

Hasani alizaliwa Agosti 2020 katika bustani ya wanyama ya Bristol, Uingereza. Mama yake, Kala, alishindwa kumlea, ikabidi watunzaji wamchukue na kumnyonyesha kwa chupa usiku na mchana. Jina lake lilipigiwa kura na wapenzi wa bustani, na likashinda hilo la kwetu. Hasani ni gorila. Novemba mwaka huohuo wenye bustani wakatangaza kwamba wanaifunga.

Bustani hiyo, iliyoko mtaa wa Clifton, ilifunguliwa 1836. Ilikuwa ekari 12 tu, imebanwa na nyumba za watu. Wageni walipungua, hasara zikaongezeka, corona ikaja kumalizia. Mpango ukawa kuuza eneo zijengwe nyumba 196 za kuishi, na bustani ihamie kwenye eneo lao jingine la ekari 136 nje ya jiji. Huko gorila wangejengewa makazi yanayozidi ya zamani mara nne na ushee, wachanganyike na kima wa misitu hiyohiyo ya Afrika ya Kati.

Milango ya Clifton ilifungwa Septemba 2022, lakini nyumba mpya haikuwa tayari. Hata kiangazi cha 2025 gorila walikuwa bado palepale, bustani nzima ikiwa kimya. Vijana wakawa wanaruka ukuta kupiga video, mtandaoni kukasambaa kwamba wanyama wametelekezwa. Haikuwa kweli: walilishwa na kuangaliwa kila siku. Ila nawaelewa waliokasirika. Mtu hahami nyumba kabla ya ile anayohamia kuezekwa, na hapa waliobaki kungoja fundi ni wale wasioweza kuuliza atamaliza lini.

Je, ilifaa kujenga kabisa? Wapo wanaosema fedha hizo zingepelekwa msituni na gorila wenyewe warudishwe Afrika. Ni hoja inayovutia, hasa kwetu. Hata mfano wa kuutaja tunao: kati ya 1966 na 1969 sokwe mtu 17 waliokuwa wakiishi Ulaya waliletwa na kuachiwa katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, na vizazi vyao vipo hadi leo. Lakini Rubondo ni kisiwa kisichokuwa na sokwe wengine wa kugombea nao, na wengi wa wale walioletwa walikuwa wamezaliwa porini kabla ya kukamatwa. Hasani hajawahi kuuona msitu. Mwaka 2014 taasisi moja ya Uingereza ilipeleka Gabon familia ya gorila waliolelewa bustanini; haikupita miezi mingi, watano wakakutwa wamekufa. Kwa hiyo kwa hawa waliopo, nyumba pana yenye miti ya kupanda ni haki yao, wala si anasa.

Tena kuna kazi ya mikono ambayo wakosoaji huipita haraka mno. Februari 2016, jike wa Bristol aitwaye Kera alizidiwa na mimba. Akaitwa Profesa David Cahill, daktari aliyezoea kuzalisha wanawake hospitalini, akampasua na kumtoa mtoto ambaye hakufika kilo 1.2. Walimwita Afia. Kera hakuweza kumlea. Watunzaji wakamlea wao, baadaye jike mwingine, Romina, akampokea kama wake. Ujuzi wa aina hii husafiri. Huduma ya kutibu gorila wa milimani huko Rwanda ilipoanza 1986, daktari wake wa kwanza, James Foster, alitokea bustani ya wanyama ya Seattle, Marekani.

Hapo ndipo hoja ya upande wa pili inaponibana. Gorila hao wa milimani, wa Virunga na Bwindi, hakuna hata mmoja anayefugwa katika bustani yoyote duniani. Na ndio walioongezeka, wakavuka 1,000. Walioleta matokeo hayo ni askari wa hifadhi, madaktari wanaowafuata mlimani, na ada za watalii. Gorila wa Bristol ni wa jamii nyingine, wa nyanda za chini za magharibi, ambao hali yao porini ni mbaya sana. Chama kinachomiliki bustani kinafanya kazi Guinea ya Ikweta, kwenye hifadhi ya Monte Alén, na nakipongeza kwa hilo. Nataka tu kila tiketi ya nyumba mpya iandikwe wazi ni kiasi gani kinafika Monte Alén.

Bristol ina historia ya kuwapenda gorila kwa namna isiyowasaidia. Alfred alitolewa Kongo akiwa mtoto, akafika huko 1930. Akavalishwa sweta, akatembezwa bustanini kama mtoto wa mtu, jiji zima likamjua. Alipokufa 1948 ngozi yake ikajazwa ionekane kama yu hai, na mpaka leo amesimama ndani ya kabati la kioo katika jumba la makumbusho la jiji. Kwa waliomtunza yalikuwa mapenzi ya kweli, na sidhani wa leo wana mapenzi pungufu.

Basi mimi naunga mkono nyumba. Nisichounga mkono ni kuijaza. Familia ya gorila huongozwa na dume mmoja, ilhali watoto huzaliwa madume na majike karibu sawa. Madume wa ziada wamekuwa mzigo kwa bustani za Ulaya kwa miaka mingi; hutengwa makundi ya madume watupu, huhamishwa nchi hadi nchi. Na gorila anaishi sana: Fatou wa Berlin alivuka miaka 65. Kila mtoto anayepangiwa kuzaliwa Bristol ni ahadi ya nusu karne.

Kabla ya katikati ya miaka ya 2030 mgongo wa Hasani utakuwa umeanza kuota mvi, kama wa dume aliyekomaa. Atataka familia yake mwenyewe, na ekari zote 136 hazitoshi madume wawili wanaotaka majike walewale. Anapelekwa wapi? Hilo lilipaswa kuwa kwenye ramani tangu siku ya kwanza, pamoja na miti na kuta.