Mzaha wa noti na mzaha wa maneno: Zappa na wenzake

Mwaka 1984 Frank Zappa, mpiga gita na mtunzi wa Marekani, na bendi yake walirekodiwa wakipiga New York, na video ya onyesho hilo ikaitwa Does Humor Belong in Music?, yaani, je, mzaha una nafasi yake katika muziki? Mashabiki wake wengi hulichukulia swali hilo kama kejeli tu: bila shaka unayo, na anayebisha ni mtu asiyejua kucheka. Mimi nalichukulia kwa uzito wake. Nimemsikiliza Zappa miaka mingi, na ninavyomwona, mzaha wake ni wa aina mbili: mmoja umekaa kwenye noti, mwingine kwenye maneno. Haujazeeka sawasawa.

Tukubali kwanza kwamba mzaha ulihitajika. Roki ya progresivu ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 mikononi mwa vijana waliochoshwa na wimbo wa dakika tatu. Wakachota mbinu za okestra na jazi, wakarefusha nyimbo hadi zikajaza upande mzima wa santuri, wakawa wanabadilisha mapigo kabla msikilizaji hajayazoea. Mengi yaliyotoka humo ni mazuri mno. Mengine yalivimba kichwa. Mwaka 1975 Rick Wakeman, mpiga kinanda wa Uingereza, alikipandisha jukwaani kisa cha Mfalme Arthur huko Wembley, London, pamoja na okestra, kwaya na watu wa kuteleza kwenye barafu. Mambo yakishafika kwenye barafu, lazima atokee wa kuyatoboa upepo.

Watoboaji walikuwepo tangu mapema. Kwenye albamu ya pili ya Soft Machine, bendi ya Uingereza, ya 1969, Robert Wyatt, aliyekuwa mpiga dramu na mwimbaji kwa pamoja, anaimba alfabeti. Herufi tupu, A mpaka Z, kwa sauti ile ile nyembamba ya majonzi anayoimbia mapenzi. Baadaye kidogo anazirudia kinyumenyume. Mwaka huo huo walipokwenda kurekodi BBC, aliuchukua wimbo wake mrefu, "Moon in June", akaubadilisha maneno papo kwa papo: akawashukuru wenyeji kwa kuwaachia wapige watakavyo, na mashine ya chai ya koridoni nayo akaitaja. Huo ni utani wa mtu anayejicheka mwenyewe. Muziki wenyewe haushuki hata kidogo. Dramu zinaendelea kuchapwa kwa ufundi ule ule.

Zappa alikuwa mkali zaidi, na hapa inafaa tusogee karibu. Mwaka 1976 alimwandikia mpiga dramu wake, Terry Bozzio, kipande kilichoitwa "The Black Page", ukurasa mweusi, kwa kuwa noti zilivyosongamana karatasi inakaribia kuonekana nyeusi. Chini yake mapigo ni manne manne, ya kawaida kabisa. Juu yake noti zimebanwa kwa makundi ya 5, 7, hata 11, na mengine yamechomekwa ndani ya mengine, kiasi kwamba sikio linashindwa kujua mguu uukanyage wapi. Kisha akatunga toleo la pili la muziki ule ule, akautandikia mdundo wa disko, na jukwaani New York akaitambulisha kazi hiyo kama toleo rahisi kwa vijana wa mji huo. Katika maonyesho mengine aliwaita watazamaji waje waucheze.

Nilimwekea kipande hicho jamaa yangu mmoja, mpiga besi wa bendi ya dansi, mtu ambaye Kiingereza hakimshughulishi. Alianza kuhesabu kwa vidole juu ya goti, moja mbili tatu nne, akapotea. Akaanza upya, akapotea palepale. Disko ilipoingia chini ya ile vurugu alinitazama, akaangua kicheko. "Huyu bwana mshenzi kweli," akasema, na kwa sauti ile nilijua anasifu. Sikuwa nimemweleza chochote.

Tukaendelea na nyimbo za maneno, na hapo nikageuka mkalimani. Kazi mbaya hiyo. Nusu ya kila wimbo ni lugha ya mitaa ya California ya enzi zile, nusu ni mambo ya chumbani. Nikimaliza kufafanua, kicheko kimeshapoa. Na vingine nikivifafanua naona haya mwenyewe: wanawake wa kuchekwa miili yao, mashoga wa kuchekwa kwa kuwa ni mashoga, na ule wimbo wa 1979 unaowadhihaki mabinti wa Kiyahudi, ambao Anti-Defamation League, jumuiya ya Marekani inayopinga chuki dhidi ya Wayahudi, iliulalamikia naye akakataa katakata kuomba radhi. Wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Mzaha wa noti unamlenga mjuzi anayedhani anaweza kuhesabu. Mzaha huu wa maneno mara nyingi unampiga aliye chini tayari, halafu mpigaji anasema alikuwa anatania.

Hata hivyo wanaomtetea wana hoja nzito kuliko hiyo ya "alikuwa anatania". Wanasema ulimi usiochagua wa kumgusa ndio uliomwezesha kuwagusa wakubwa. Septemba 1985 Seneti ya Marekani ilipokaa kusikiliza madai ya kubandika maonyo kwenye santuri, Zappa alifika kwa suti na tai, akatoa hoja zake kwa utulivu. Baadaye akazichukua sauti za kikao kile, akazikata vipande vipande, akazigeuza muziki kwenye albamu ya mwaka huo huo. Mheshimiwa anasikika akijirudia kama santuri iliyokwama. Sijui dawa nyingine ya kiburi cha ofisi iliyo bora kuliko hiyo.

Na Prague je? Mwaka 1968, baada ya vifaru vya Kisovieti kuingia Chekoslovakia, vijana walianzisha bendi iliyojiita The Plastic People of the Universe, jina lililotokana na wimbo wa Zappa. Mwaka 1976 baadhi ya wanabendi na wenzao walifungwa jela, na kesi yao ikawa miongoni mwa cheche zilizowasha Mkataba wa 77, tamko la haki za binadamu ambalo Václav Havel alikuwa mmoja wa waasisi wake. Januari 1990 Zappa alipofika Prague, Havel alikuwa rais, akampokea. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mzaha ni jambo jepesi. Ila nina neno moja: nadhani kilichovuka mpaka hakikuwa vichekesho vya chumbani. Kilichovuka ni ile ruhusa ya kupiga muziki wa ajabu bila kumwomba mtu kibali.

Kuna wasanii wa majaribio walioogopa kicheko. Henry Cow, bendi ya Uingereza waliojikusanya Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1968, walifanya kazi kwa nidhamu ya kamati ya chama, na albamu yao ya 1979 ina nyundo na mundu kwenye jalada. Nawaheshimu. Lakini Machi 1978, walipoandaa London lile tamasha la Rock in Opposition kwa ajili ya bendi ambazo kampuni za santuri hazikuzitaka, miongoni mwa wageni wao walikuwa Samla Mammas Manna wa Sweden, ambao mpiga kinanda na kodiani wao, Lars Hollmer, alitunga muziki unaosikika kama sarakasi iliyokimbiwa na mwenye nayo. Sauti za kubana pua, mayowe ya kitoto, kisha ghafla pembeni mwa fujo hiyo mapigo magumu yanayopigwa bila kosa. Kiswidi sikijui hata neno moja. Nacheka kila mara, na sijawahi kuhitaji mkalimani.

Lililobaki ni tuhuma ambayo mashabiki wa Zappa hawaipendi: kwamba mzaha ulikuwa maficho yake. Huyu ni mtu ambaye akitimiza miaka 15 aliomba zawadi ya kupiga simu ya mbali ili azungumze na mtunzi Edgard Varèse. Alitamani kuchukuliwa kama mtunzi. Na mwaka 1984 Pierre Boulez, mtunzi na kiongozi wa okestra, jina zito kuliko mengi katika muziki mpya wa Ulaya, alipoziongoza tungo zake, Zappa aliambatanisha moja na kisa cha mchuuzi wa mashine za kufagilia anayepita mlango kwa mlango. Kama vile aliogopa kusimama mbele ya watu bila kinyago.

Ushahidi mkubwa naupata mwishoni mwa Joe's Garage, albamu yake ya 1979 inayosimulia kisa cha mwanamuziki aitwaye Joe. Kwanza inakuja sauti ya kunong'ona kwenye kipaza sauti cha plastiki, ya kijinga kwa makusudi, ikitueleza kwamba hili ndilo solo la mwisho la gita analoliwaza Joe. Kisha linaanza "Watermelon in Easter Hay", yaani tikitimaji ndani ya nyasi kavu za Pasaka. Jina la kipuuzi, mapigo 9 yanayozunguka polepole, na gita linalolia kwa dakika kadhaa bila utani wowote ndani yake. Ni kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kukipigia gita, kwa maoni yangu. Kinapoisha tu, kabla hujafuta macho, inaingia "A Little Green Rosetta", kelele za walevi kuhusu pambo la keki, na zinaendelea kwa muda mrefu kupita kiasi.

Kwa miaka nimekuwa nikizima palepale, gita likinyamaza. Yule jamaa yangu wa besi hanikubalii. Anasema kama mwenye wimbo aliamua keki ije baada ya kilio, mimi ni nani wa kuinuka mezani.