Wiki Moja Haimtengenezi Mchezaji wa Gofu

Ukimuuliza shabiki yeyote wa gofu msimu wa 2024 wa DP World Tour, ile ziara ya Ulaya, yaani mfululizo wa mashindano ya gofu ya kulipwa, ulikuwa wa nani, atakujibu bila kusita: Rory McIlroy. Na hatakuwa amekosea. Mwezi wa Novemba, pale Jumeirah Golf Estates, Dubai, McIlroy alitwaa ubingwa wa msimu kwa mara ya sita, akamfikia marehemu Seve Ballesteros wa Uhispania. Aliyebaki mbele yao siku ile alikuwa Colin Montgomerie peke yake, mwenye mataji 8. McIlroy alipoulizwa kuhusu Seve baada ya mchezo, machozi yalimlenga.

Ila mimi naona msimu ule umesimuliwa upande mmoja tu, upande wa kilele. Hadithi iliyonigusa zaidi ilitokea hapa kwetu Nairobi, Muthaiga, mwezi wa Februari, na wengi waliokuwepo uwanjani walikuwa wakimtazama mtu mwingine.

Mshindi wa Magical Kenya Open mwaka ule alikuwa Mholanzi Darius van Driel, mikwaju 14 chini ya kiwango cha uwanja, taji lake la kwanza kabisa kwenye ziara hii. Nyuma yake kwa mikwaju miwili wakafungana wawili: Nacho Elvira wa Uhispania na Mwingereza Joe Dean. Huyo Dean ndiye ninayemzungumzia. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa akisambaza bidhaa za supamaketi ya Morrisons kwenye nyumba za watu huko kwao. Kadi ya kucheza ziara ya Ulaya alikuwa ameipata Novemba 2023 kupitia mashindano ya kufuzu kule Tarragona, Uhispania: raundi 6, mashimo 108, mtihani ambao wachezaji wenyewe wanakiri hakuna mwingine unaochosha moyo kiasi hicho. Kadi ikawa mkononi. Nauli hakuna. Mashindano ya mwanzo wa msimu yalichezwa mbali, Afrika Kusini na Australia, na yeye akayaruka kwa sababu hakuwa na pesa za safari.

Hapo ndipo watu wengi wasioifuata gofu hushangaa. Wanadhani kila anayecheza kwenye televisheni ni tajiri. Ukweli ni kwamba mchezaji wa gofu wa kulipwa hana mshahara. Tiketi ya ndege anajinunulia, hoteli analipa mwenyewe, kedi wake, anayembebea mfuko wa vifaa, anamlipa kila wiki hata kama wiki imekwenda vibaya. Akikosa mchujo wa Ijumaa jioni, unaobakiza waliofanya vizuri tu kwa raundi mbili za mwisho, mfuko wa zawadi haumhusu. Anafunga virago na hasara yake. Kwa hiyo kadi ni ruhusa ya kuingia, basi. Gharama za kukaa ndani ni mzigo wako.

Pale Muthaiga, Dean aliondoka na zaidi ya dola 200,000. Kwa mtu ambaye juzi alikuwa anapima kama nauli inatosha, hiyo ni mbegu ya msimu mzima. Na alipanda vizuri: miezi ile ya kiangazi kule Uholanzi, kwenye KLM Open, alifika hadi mashimo ya nyongeza, yale ya kumpata mshindi kati ya waliofungana, kabla ya Guido Migliozzi wa Italia kumpokonya taji. (Migliozzi naye tunamjua: ndiye aliyeshinda Kenya Open ya 2019 pale Karen, mara ya kwanza shindano letu lilipopandishwa hadi ngazi ya juu ya ziara ya Ulaya.)

Hoja yangu yote imo humo. Wiki moja nzuri ilimfungulia Dean mlango, lakini kilichomkuza ni kwamba wiki iliyofuata alikuwa na mahali pa kwenda. Na iliyofuata. Na iliyofuata. Msimu wa 2024 ulikuwa na mashindano zaidi ya 40, ukakata mabara kadhaa, ukagawanywa kwa mafungu ya kijiografia kila moja na bonasi yake, kisha wachezaji 70 bora wakaitwa Abu Dhabi na 50 kati yao wakaenda Dubai kumalizia. Mchezaji hukua ndani ya huo mzunguko. Anazoea upepo wa Ghuba, mchanga wa pwani za Uskoti, na nyasi zetu za kikuyu ambazo zikiukumbatia mpira unahitaji mkono wa chuma kuutoa. Anajifunza kushindwa Jumapili na kurudi kazini Alhamisi.

Mtazame McIlroy mwenyewe. Watu wanakumbuka kombe la Novemba na kusahau jinsi mwaka ulivyomtesa. Januari, Dubai Creek, alipiga mpira majini kwenye shimo la mwisho na Tommy Fleetwood akaondoka na ushindi kwa mkwaju mmoja. Wiki iliyofuata, mji uleule, akashinda Dubai Desert Classic. Juni, Pinehurst kule Marekani, US Open ilikuwa mikononi mwake yakiwa yamesalia mashimo machache. Akakosa kuingiza mpira uliokuwa chini ya futi 3 kutoka shimoni kwenye shimo la 16, akakosa mwingine wa chini ya futi 4 kwenye la 18, na Bryson DeChambeau akalibeba kombe. Septemba akarudi nyumbani Ireland ya Kaskazini, Royal County Down, mashabiki wote wakiwa wake, na kijana wa Denmark Rasmus Højgaard akampita kwa mkwaju mmoja baada ya kutumbukiza mpira kutoka nje ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi inayozunguka shimo, kwenye shimo la 17. Juma moja baadaye, Wentworth kule Uingereza, Billy Horschel akamshinda kwenye mashimo ya nyongeza.

Halafu Novemba inafika, na ni nani anayembana kwenye mashimo ya mwisho pale Dubai? Højgaard yuleyule. Wamelingana. Shimo la 16, McIlroy anapiga mkwaju wa pili, mpira unatua na kusimama kando kabisa ya shimo, kiasi kwamba kuusukuma ndani kulikuwa kama kukamilisha utaratibu tu. Akashinda kwa mikwaju miwili. Mkwaju ule haukuzaliwa siku ile. Umepikwa Pinehurst, County Down na Wentworth, katika wiki ambazo alitoka uwanjani kichwa kikiwa chini.

Au mtazame Matteo Manassero. Mwaka 2010 Mwitaliano huyu aliweka rekodi ya kuwa mshindi mdogo kuliko wote kwenye ziara ya Ulaya, akiwa na miaka 17. Mwaka 2013 alishinda kule Wentworth. Kisha mchezo ukamkimbia, akapoteza kadi, akashuka hadi mashindano madogo ya Alps Tour ambako zawadi ya mshindi ni ndogo mno. Machi 2024, Glendower, Johannesburg, akashinda tena baada ya karibu miaka 11. Nilifurahi kama ni ndugu yangu. Manassero alipona kwa sababu palikuwa na ngazi ya chini yake ya kukanyaga wakati anaanguka, na ngazi hiyohiyo ya kupandia tena.

Na siwezi kuupita msimu ule bila kumtaja Linn Grant. Juni, Helsingborg, kwenye shindano la Sweden ambalo wanawake na wanaume wanagombea kombe moja, Sebastian Söderberg alianza raundi ya mwisho akiongoza kwa mikwaju 8. Huyu Söderberg ni bingwa wetu wa zamani, alishinda Kenya Open mwaka 2016. Akaporomoka hadi shimo la mwisho kabisa, na Grant, aliyeanza siku mikwaju 11 nyuma, akawa ameshamaliza na kusubiri klabuni. Ilikuwa mara yake ya pili kulitwaa shindano hilo, na ni yeye huyohuyo aliyekuwa mwanamke wa kwanza kushinda kwenye ziara hii mwaka 2022. Ningependa kuona mashindano ya aina hiyo yakiwa matano kwa mwaka, siyo moja.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi.

Tangu msimu wa 2023, wachezaji 10 wanaomaliza juu kwenye orodha ya msimu inayofungwa Dubai, ukiondoa wale ambao tayari wana kadi ya PGA Tour, ziara tajiri ya Marekani, hupewa kadi hiyo. Orodha ya 2024 ilikuwa na Højgaard, Thriston Lawrence wa Afrika Kusini, Manassero, Paul Waring, Niklas Nørgaard na wenzao. Ya 2023 ilikuwa na Jorge Campillo, aliyekuwa ameshinda hapa Muthaiga mwaka uleule, na Robert MacIntyre wa Uskoti, ambaye 2024 alishinda Canada Juni baba yake akiwa kedi wake, kisha Julai akashinda kwao Uskoti. Siwalaumu wachezaji hata kidogo. Fedha ziko Marekani, nao wana watoto wa kulisha. Lakini ziara inayosindikiza watu wake 10 bora kila Novemba inageuka kuwa chumba cha kusubiria. Shabiki wa Nairobi anaanza kumjua mchezaji, anamshangilia, na mwakani jina lake halipo kwenye orodha ya wanaokuja. Viongozi wa ziara wangeweza kuweka sharti: ukiondoka na kadi ile, unarudi kucheza angalau mashindano mawili katika nchi zilizokubeba ulipokuwa hujulikani. Kenya iwe mojawapo. Afrika Kusini iwe mojawapo. India iwe mojawapo.

Jambo la pili linatuhusu sisi moja kwa moja. Kenya Open ilianza 1967. Ballesteros aliishinda 1978, Ian Woosnam 1986, Trevor Immelman 2000, Aaron Rai 2017 (mama yake Rai ametoka Kenya, na ushindi ule ulikuwa na utamu wake wa pekee). Orodha ndefu, ya kujivunia. Mkenya hayumo.

Kila mwaka, shindano likikaribia, tunaanza wimbo uleule kwamba safari hii mmoja wetu atashangaza dunia. Wachezaji wetu kadhaa, wa kulipwa na wa ridhaa, wanapewa nafasi. Alhamisi wanaingia uwanjani sambamba na watu ambao tangu Januari wameshacheza Dubai, Bahrain na Qatar, wiki baada ya wiki, mikono ikiwa imechemka. Ijumaa jioni wengi wao wamekosa mchujo, na Jumatatu magazeti yanauliza tatizo letu ni nini. Huwa naumia nikisoma maswali hayo, kwa sababu yanawekwa kwenye mabega ya vijana ambao hawana kosa. Wengi wa wachezaji wetu wamekulia kwenye ukedi, wamejifunza mchezo kwa kubebea wengine mifuko. Kipaji kipo. Wanachokosa ni wiki nyingine zote za mwaka.

Linganisha na Lawrence. Amelelewa na Sunshine Tour ya Afrika Kusini, ambayo ina mashindano kwa misimu mizima na mengine huandaliwa kwa ubia na ziara ya Ulaya, na wanaomaliza kileleni mwake hupata njia ya kuingia Ulaya. Alishinda Joburg Open 2021, akaendelea kupanda, na Julai 2024 pale Royal Troon alikuwa akiongoza The Open Championship, moja ya mashindano manne makubwa ya gofu duniani, siku ya Jumapili kabla ya kumaliza wa nne. Nchi ile haikumtengeneza Lawrence kwa wiki moja ya mwaliko.

Nasi tuna kumbukumbu moja inayonichoma kila ninapoiwaza. Mwaka 1998 Jacob Okello alifungana na Ricardo González wa Argentina kileleni mwa Kenya Open, wakaenda mashimo ya nyongeza, González akashinda. Baada ya mashimo 72 watu hawa wawili walikuwa sawa kabisa, hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa mkwaju. Kisha González akaendelea kucheza msimu baada ya msimu Ulaya, akashinda mataji kadhaa, likiwemo lile la Sweden mwaka 2009. Okello alibaki hapa, mchezaji aliyeheshimiwa sana nyumbani.

Kwa hiyo ninachoomba kwa wenye shindano letu na kwa chama cha gofu ni hiki: wakikaa mezani na DP World Tour kuzungumzia mkataba, nafasi za Wakenya wa wiki ya Kenya Open zisiwe mwisho wa mazungumzo. Waombe nafasi mbili za mwaka mzima kwenye ziara ya daraja la pili kule Ulaya kwa Wakenya wanaofanya vizuri zaidi kwenye mashindano yetu ya nyumbani. Waombe nauli na posho ya kedi zilipwe mapema, kabla safari haijaanza, kwa sababu ziara yenyewe tayari imekubali kwamba wachezaji wanahitaji kinga: kwa wale walio kwenye madaraja ya juu wanaocheza mashindano 15 au zaidi, imeweka kiwango cha chini cha kipato cha dola 150,000 kwa msimu. Kinga hiyo haimfikii mtu ambaye hajawahi kuwa na pesa za kufika shindano la kwanza. Na makampuni yetu, ambayo wiki ile ya Kenya Open hujaza mahema pembeni ya uwanja, yatenge sehemu ya bajeti ya mahema hayo kwa ajili ya vijana wawili, kuanzia Machi hadi Novemba.