Robin Hood wa Nottingham na Liyongo wa Kipini

Nimeishi Nottingham, Uingereza, kwa miaka 12, na karibu kila siku ya kazi hupita mbele ya sanamu ya Robin Hood, yule mhalifu shujaa wa hadithi za Kiingereza, iliyosimamishwa chini ya ukuta wa ngome mwaka 1952, upinde ukiwa umevutwa. Wageni hupiga picha hapo, kisha hupanda kilimani wakitarajia kuiona ngome ya Zama za Kati, wakakuta kasri la karne ya 17, kwa kuwa ngome yenyewe ilibomolewa mwaka 1651. Bado hushuka wakiwa na furaha, maana walichokifuata ni hadithi.

Mimi nilizaliwa Lamu, ambako bibi yangu alitusimulia habari za Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa Waswahili, usiku baada ya chakula. Waswahili wenzangu tulio ughaibuni husema mara kwa mara kwamba Wazungu wameyahifadhi mambo yao ya kale na sisi tumeyatupa. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo ina kasoro pande zote mbili.

Waingereza hawakumhifadhi Robin Hood. Wamembadilisha bila kuchoka. Shairi moja refu la Kiingereza la karibu mwaka 1377 linamtaja kama mtu ambaye nyimbo zake zilikuwa zimekwisha kuenea, na katika tungo za mwanzo zilizotufikia yeye ni mtu wa kawaida asiye na ukoo wa kifahari, hana mpenzi aitwaye Marian, wala kuwanyang'anya matajiri ili kuwagawia maskini hakujawa kiini cha habari zake. Mwaka 1521 mwanahistoria Mskoti, John Major, akampeleka zama za Mfalme Richard. Mwaka 1598 tamthilia za Anthony Munday zikamfanya mwinyi mwenye cheo. Marian akaingia kutoka katika michezo ya sikukuu za mwezi Mei. Sinema zikamchukua, Douglas Fairbanks mwaka 1922 na Errol Flynn mwaka 1938, na kufikia mwaka 1973 watoto wakamwona katika katuni akiwa mbweha. Kila kizazi kilimkata na kumshona upya kwa kipimo chake, na ndiyo sababu mtoto wa hapa anayevaa kofia ya kijani na kukimbia karibu na Major Oak, mwaloni mkongwe wa msitu wa Sherwood, anahisi kwamba Robin ni wake.

Sasa mtazameni Liyongo. Naye ni bingwa wa upinde, naye anaandamwa na mtawala anayehofia kunyang'anywa kiti chake, naye anakimbilia mwituni. Akiwa gerezani mama yake anamfichia tupa ndani ya mkate wa wishwa unaobebwa na kijakazi, kwa kuwa walinzi hula vyakula vizuri na kumwachia makombo. Kisha ngoma ya gungu inapigwa kwa kishindo, na chini ya kishindo hicho yeye anakata pingu. Hata mauti yao yanafanana kwa namna inayonitia uchungu kila ninapoyafikiria, kwani Robin alitolewa damu hadi kufa na mtawa mkuu wa Kirklees, jamaa yake mwenyewe, na Liyongo alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe aliyeahidiwa kuozeshwa binti wa mfalme. Baada ya kuchomwa alipiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakakaa na kiu kwa siku kadhaa wakimdhania yu hai. Sijasoma katika masimulizi yoyote ya Ulaya ya zama hizo picha inayoishinda hiyo.

Kwa hiyo utajiri tunao, wala haujatupwa. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wa Liyongo mwaka 1913, na wanafunzi wa fasihi simulizi nchini Kenya wanalijua jina la Liyongo kama mfano wa mighani, yaani hadithi za mashujaa wa kale. Shida ninayoiona ni kwamba tumemfungia darasani. Mwanafunzi hutaja sifa za shujaa, hupata alama zake, na daftari likifungwa Liyongo hufungwa nalo. Lugha ya utenzi ule, Kiamu cha kale, yaani lahaja ya Lamu, ni nzito kwa msomaji wa Nairobi au Dodoma, na anayethubutu kuisimulia habari hiyo kwa namna nyingine huambiwa kwamba anaiharibu. Nawaheshimu wazee wanaosema hivyo, kwa sababu ni wao walioitunza hadi leo, lakini naamini wanakosea. Habari hii ilipokezanwa kwa vinywa kabla ya kuandikwa, na kila kinywa kiliongeza na kupunguza chake. Kipini, kwenye pwani ya Kenya, ambako kaburi la Liyongo huonyeshwa, ingefaa pawe mahali ambapo vijana huigiza usiku wa gungu mbele ya wageni, wakalipwa kama wanavyolipwa waigizaji wa Sherwood kila kiangazi.

Mwaka jana nilimrekodi mama yangu kwa simu akiisimulia habari yote, nikampa binti yangu mwenye umri wa miaka 9 asikilize. Wiki iliyofuata nilimsikia akiwasimulia wenzake kwa Kiingereza. Katika usimulizi wake, Saada, yule kijakazi aliyeubeba mkate, habaki mlangoni mwa gereza. Anatoroka pamoja na Liyongo, anajifunza kutumia upinde, na ndiye anayekuja kisimani kumfumba macho. Sikumsahihisha.