Chokaa ama mbolea? Mahindi na soya havijibu sawa

Huku kwetu Kakamega wakulima wawili wakikutana kwa njia lazima hii mambo itokee, mmoja atasema mbolea ya DAP ndo imeua udongo tumwage chokaa tu, mwingine atamcheka ati chokaa ni ya kupaka ukuta. Mi naona kila mtu ameshika upande wake tu.

Wa chokaa ana pointi. Udongo wa Western mwingi una asidi, mvua imeosha kalsiamu miaka na miaka halafu juu yake tunaweka DAP kila msimu, na amonia yake ikigeuka naitreti inaacha asidi ingine. pH, kile kipimo cha asidi (namba ikipungua asidi imezidi), ikishuka chini ya 5.5 aluminiamu inayeyuka inaumiza ncha za mizizi, na fosforasi uliyonunua inashikwa na udongo kabla mahindi hayajaionja. Sasa hata mbolea ya ruzuku ya serikali ishuke bei vipi, gunia lilitoka shilingi 3,500 mwaka wa 2022 likafika 2,500 mwaka wa 2023, bado unazika pesa.

Lakini jamani chokaa si chakula. Jirani yangu aliimwaga bila mbolea yoyote kwa shamba lililochoka, mahindi yakatoka ya njano na mpaka leo anaitukana chokaa, kumbe naitrojeni ingetoka wapi? Na ni mzigo. Tani 2 kwa hekta ni kama magunia 16 ya kilo 50 kwa eka, inachimbwa hapo Koru si mbali sana, ila kuna lori, kuna vibarua wa kuichanganya na udongo, na haifanyi kazi kesho. Mtu amekodi shamba msimu mmoja akikataa mi simlaumu hata kidogo.

Soya sasa ni kesi ingine. Inajitengenezea naitrojeni na bakteria walio kwa mizizi, na hao asidi inawasumbua, tena wanataka madini ya molibdenamu ambayo udongo wa asidi unaificha. Ukiipea naitrojeni nyingi ya gunia unaifanya mvivu, inaacha kuwafuga. Ikianza maua chimbua mche mmoja polepole na jembe, usiung'oe juu vifundo, vile viuvimbe vya mizizi wanamokaa bakteria, vitabaki chini, halafu pasua kifundo na ukucha. Ndani ikiwa nyekundu kama nyama, kazi inaendelea, ikiwa nyeupe ama kijani hapo hakuna kitu. Mwaka jana kipande changu chenye chokaa kilikuwa na vifundo vyekundu hadi nikaita watoto waone, ng'ambo ya mtaro nikahesabu vifundo vitatu vyeupe, na mbegu ilikuwa ile ile.

Upimaji wa udongo usiuruke, kwa sababu pH ikiwa iko 6 tayari, chokaa ya kuongeza itakufungia madini ya zinki bure. Mi nikiwa na pesa ya nusu eka peke yake, chokaa inaenda kwa soya kwanza, msimu unaofuata mahindi yanaingia hapo hapo, na DAP kidogo kwa shimo.