Nyuki si mzinga na asali tu

Huku Magharibi mwa Kenya, ukitaja nyuki, watu wanafikiria mizinga. Kikundi kinagawiwa mizinga ya kisasa, picha zinapigwa, kisha mafanikio yanahesabiwa kwa kilo za asali. Sina ugomvi na asali. Kinachoniuma ni kwamba watafiti wetu wenyewe wametoka jasho hapa hapa Kakamega, na walichogundua hakijamfikia mkulima.

Mary Gikungu wa Makavazi ya Kitaifa alirekodi zaidi ya aina 200 za nyuki katika Msitu wa Kakamega na mashamba yaliyouzunguka. Muo Kasina naye alipima mazao ya wakulima wadogo wa eneo hilo, akakuta kwamba takriban asilimia 40 ya thamani ya mazao aliyoyachunguza ilitokana na uchavushaji wa nyuki. Na wengi katika zile aina 200 hawajui mzinga ni nini. Kila jike hujitengenezea kiota chake ardhini, ndani ya bua au kwenye mti mkavu.

Tazama ua la nyanya. Chavua imefungiwa ndani ya kijibomba cha manjano, na nyuki wa asali hana ujuzi wa kuitoa. Kuna nyuki wa mwituni ambaye hukikumbatia, akaking'ata, kisha akatetemesha misuli ya kifua hadi chavua ikammwagikia tumboni. Kaa kimya shambani asubuhi yenye jua utasikia mlio wake, mkali na mfupi.

Karakara nazo humtegemea yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, kwa kuwa mgongo wake ndio unaofikia chavua. Huyo ndiye tunayemmwagia mafuta ya taa akionekana kwenye boriti! Mwachie gogo kavu kando ya shamba, huenda akahamia huko.

Wako pia nyuki wadogo wasiouma, ambao baadhi yao hukaa kwenye kuta za udongo. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kimewafundisha wakulima wa karibu na msitu kuwafuga, na hiyo ni kazi ya kupongezwa. Lakini nje ya vijiji hivyo, nani ameambiwa?

Basi bajeti ya nyuki isiishie kwenye mizinga. Maafisa wa kilimo wafundishe watu kupulizia dawa jioni, maua yakishaachwa na nyuki, na kubakiza ukingo usiolimwa. Matokeo ya tafiti yasomwe barazani, kwa Kiswahili na Kiluhya, kabla ya mvua za Machi.