Nilivyokataa Kushuka Mkoani

Jamani kwa kuwa bwana harusi ameshawarushia voisi kwenye grupu eti nililia melini, acheni na mimi niseme yangu. Sikulia. Ilikuwa chumvi ya bahari.

Mnatujua sisi wa Dar, ukishavuka Kibaha tu uko mkoani. Mabasi ya mkoani, mchele wa mkoani, ndugu wa mkoani anayekuja na mabegi bila taarifa. Sasa huyu jamaa yangu wa Pemba kanitumia meseji, "ukifika mkoani shuka nipo nje", herufi kubwa hata moja hakuna, mimi nikaelewa nikishaingia mkoa wao nitashuka mjini kwao Chake Chake, si ndiko harusi ilipo.

Meli ikafunga gati, watu wanakanyagana na maboksi, mimi nimetulia dirishani natafuna karanga. Nikamgeukia mzee mmoja.

"Shikamoo mzee, hapa wapi?"

"Marahaba. Mkoani."

"Sawa, mkoa gani?"

"Kusini."

"Na wilaya?"

"Mkoani."

"Mkoa umeshaniambia mzee wangu, nauliza wilaya."

Akanitazama kama anayenipima homa. "Mwanangu, Mkoa wa Kusini Pemba, Wilaya ya Mkoani." Nikajisemea masikini mzee wa watu, mawimbi yamemchanganya. (Mmeanza kucheka? Bado.)

Meli ikabaki tupu. Akaja kijana na ufagio, "inua miguu kaka", nikainua. Akafagia, nikashusha. Halafu watu wakaanza kuingia. Wapya! Bado sikushtuka, nikasogea hadi mama mmoja na mtoto wake wakapata pa kukaa, nikampa mtoto karanga.

Ndipo baharia akaja. "Kaka, hushuki?"

"Mimi nashuka mjini. Huku mkoani sina shida napo."

"Mjini? Basi kaa, ndiko tunakoenda."

Na hakudanganya! Kwao Mjini ni Unguja, Mkoa wa Mjini Magharibi, Wilaya ya Mjini, yaani kulekule nilikopandia asubuhi. Nikamshukuru. NIKAMSHUKURU jamani. Akapiga hatua mbili akageuka, "ila nione tiketi ya kurudia."

"Ya kurudia wapi?"

Simu ikaita. "We uko wapi, kanzu yote imelowa jasho huku!"

"Bado hatujafika bwana, ndo kwanza tupo mkoani."

Kimya. Kisha kicheko, kwenye simu na dirishani kwa wakati mmoja, maana alikuwa amesimama palepale chini gatini. Mama wa mtoto naye akaelewa, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika. Nikatoka na begi kichwani nikipishana na abiria wa Unguja, kila mmoja ananipisha kwa huruma.

Kumbe Pemba wilaya ziko nne: Wete, Micheweni, Chake Chake na hiyo Mkoani, jina kabisa, na bandari yake. Wilaya inaitwa Mkoani! Aliyeipa jina hilo nikimpata...

Harusi ilipendeza, pilau nilikula, kwa sheha, kiongozi wa mtaa wa kule, nikapelekwa nikaandikishwa mgeni (aliposema "shehia" nikamuuliza kama ndiye mkewe, kumbe ni eneo analoliongoza, hiyo tuiache).

Jana narudi, baharia yuleyule. Tunaingia bandari ya Unguja akanifuata hadi kitini, akaniinamia taratibu kama nesi kwa mgonjwa: "Kaka, hapa ndo Mjini. Unashuka, au tukurudishe Mkoani?"